Mkanda kwanza, kikombe baadaye

Ukiacha sare za shule, ambazo ndizo zinazonilipia kodi ya fremu hapa Ngamiani, Tanga, kazi inayoniletea watu wengi mlangoni ni sidiria. Sizishoni kutoka mwanzo. Ninachofanya ni kuzifumua sidiria za kawaida na kuzigeuza ziwe za kunyonyeshea. Mama anakuja na mbili au tatu alizokuwa akivaa kabla ya mimba, au ameokota mahali kwa bei nzuri, ananiachia, kesho yake anachukua. Nami mwenyewe nanyonyesha sasa hivi. Mwanangu wa tatu analala kwenye tenga la nguo pembeni ya cherehani, kwa hiyo haya ninayoandika nusu nimeyaona kwenye vifua vya wateja na nusu kwenye changu.

Mjamzito akiingia, neno lake la kwanza ni namba. "Dada fundi, mimi navaa thelathini na nane, unazo?" Huwa simjibu. Namwomba akae vizuri, ainue mikono kidogo, napitisha futi chini ya matiti, pale mbavu zinapoanza, naibana bila kumkaba. Majuzi alikuja mwalimu mmoja wa chekechea, miaka yote anavaa 38B, yaani 38 ya mkanda na B ya kikombe. Futi ikasoma inchi 33. Nikamgeuza nimwangalie mgongo: mkanda wa nyuma umepanda hadi katikati ya mabega, na kamba zimemchimba mpaka zimeacha mifereji miwili iliyoiva. Alidhani mabega yanamuuma kwa sababu ya mimba. Kumbe kamba ndizo zilizobeba mzigo wote, maana mkanda ulikuwa mpana kuliko mwili wake na haukushika kitu.

Hapo ndipo ninapowaambia wote: mkanda kwanza, kikombe baadaye. Mzigo wa kifua unabebwa na mkanda unaozunguka mbavu. Kamba kazi yake ni kusaidia tu. Ukivaa sidiria ukaona mkanda wa mgongoni umelala sawasawa na wa mbele, haupandi ukinyanyua mikono, na unaweza kupitisha vidole viwili chini yake na si ngumi nzima, hapo umepata. Ukiona umepanda, hata ukikaza kamba mpaka mwisho unajisumbua bure.

Yule mwalimu nilimpima tena kwa kuyazungusha matiti yenyewe, pale yanapojaa, nikapata inchi 38 kasoro kidogo. Nikamwambia wewe ni 34D: 33 inaingia mkanda wa 34, na 38 inaizidi 34 kwa inchi nne, herufi ya nne ni D. Akacheka sana, akasema, "Fundi, hebu acha utani, D mimi?" Watu wanadhani D ni kifua cha kutisha. Herufi peke yake haisemi kitu mpaka uitazame na namba yake. Kikombe cha 38B, cha 36C na cha 34D vinachukua kiasi kilekile. Kinachobadilika ni urefu wa mkanda. Mtu akivaa 38B huku mbavu zake ni za 34, kikombe kinamtosha, ndiyo maana hashtuki, ila mgongoni hakuna kinachomshika. Na ukishaanza kunyonyesha, matiti yakiwa yamejaa maziwa, kosa hilo la mkanda linalipwa na mabega na shingo usiku na mchana.

Namba zenyewe nazo zina vituko vyake. Unaweza kukuta sidiria imeandikwa 80, mama anairudisha mezani kwa woga. Hiyo 80 ni sentimita za chini ya matiti, kwa vipimo vya nchi nyingi za Ulaya, na ni sawa na 36 yetu tuliyoizoea. 75 ni 34, na 85 ni 38. Zikitoka Ufaransa zinaongeza kumi na tano juu yake, kwa hiyo 95 ya kule ndiyo 36 ya huku. Ukishajua hilo, humwachi muuzaji akuambie "hii ni kubwa, ya mama mtu mzima" wakati ndiyo saizi yako.

Na kwa kuwa nimetaja vipimo vya Ulaya, mnajua zinakotoka. Nguo za ndani za mitumba zilishapigwa marufuku na TBS, shirika letu la viwango, na zipo kwenye meza za watu hadi leo, tusidanganyane. Sina haja ya kumhubiria mama aliyekuja nayo. Ninachomwambia ni hiki: mpira wa sidiria una umri. Vuta mkanda kwa mikono miwili kisha uachie. Ukirudi polepole, au ukisikia vijiuzi vinakatika ndani kama vinapasuka, hata ungepewa bure usichukue. Huo mpira hautafika wiki mbili ukiwa unafuliwa kila siku, na ya kunyonyeshea lazima ifuliwe kila siku.

Muda wa kununua nao una akili yake. Mwezi wa nane wa mimba mbavu zimetanuka, mtoto kazisukuma kutoka ndani. Ukinunua wakati huo, chagua inayokukaa vizuri kwenye kulabu ya mwisho, ile ya nje kabisa, ili ukishajifungua na mbavu zikirudi uwe na nafasi ya kuingia kulabu za ndani. Na nunua moja au mbili tu, laini, zenye kuvutika. Maziwa yakishuka, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano, kifua kinajaa na kuwa kigumu, kinabadilika sana kwa siku chache, halafu kinatulia. Ukimaliza arobaini ndiyo uje tupime upya. Nimeona mama amenunua tano za bei mbaya kabla ya kujifungua, zote za saizi moja, zote zikambana siku ya nne. Wifi yake ndiye anazivaa sasa.

Tukija kwenye mitindo, iko mingi ila mimi naigawa kwa swali moja: unaweza kuifungua kwa mkono mmoja huku wa pili umembeba mtoto anayelia? Ile ya vifungo katikati ya kifua inapendwa na mabibi zetu kwa sababu ndiyo waliyoijua. Tatizo lake ukifungua, yote mawili yanatoka, na lile lisilonyonywa linaachwa likidondosha bila kitu cha kulizuia. Ile ya kupishana kifuani, ambayo unavuta pembeni tu, ni nzuri usiku na siku za mwanzo, lakini kwa kifua kizito haishiki. Ya kuvuta chini mfano wa singlendi ya mazoezi, baada ya mwezi shingo yake inalegea. Ninayoipenda ni ile yenye kishikizo juu ya kikombe. Unakibonyeza kwa kidole gumba, kikombe kinashuka, titi moja linatoka, mengine yote yanabaki mahali pake.

Na hiyo ndiyo ninayoitengeneza, kwa hiyo nieleze inavyofanyika, maana mafundi wengi wanaikosea sehemu moja.

Kwanza nafumua pale kamba inapokutana na ncha ya kikombe. Juu ya kikombe nashona kijipete, kwenye kamba nashona kishikizo cha plastiki cha kuchomeka. Fundi asiyejua anaishia hapo. Mama anakwenda nyumbani, anabonyeza, kikombe kinashuka, na kamba inaruka mgongoni, kwa sababu hakuna kilichobaki kuishikilia kwa mbele. Sasa yuko na mtoto mkono mmoja, mkono wa pili unapapasa mgongoni kutafuta kamba. Dawa yake ni utepe wa ndani. Nakata utepe wa pamba wenye upana wa kidole, naanzia ubavuni chini ya kwapa pale mkanda ulipo, naupitisha nyuma ya kikombe hadi juu kwenye kamba, naushona pande zote mbili. Kikombe kikishuka, utepe unabaki umeshika kamba begani na umelizunguka titi kwa pembeni. Wengine wanakata kitambaa kizima chenye tundu la mviringo katikati. Nacho ni sawa kwa kifua kidogo, lakini tundu likiwa dogo linakaba titi, na kukabwa ndiko tunakokukimbia.

Ninashona kwa zigizaga, kamwe si mshono wa kunyooka, kwa sababu mshono wa kunyooka juu ya mpira unakatika mara ya kwanza ukivutwa. Na waya natoa. Mama atalalamika kwamba waya ndiyo inampa umbo, nami nitamwambia umbo litarudi, mtoto huyu hatarudi kuwa mchanga. Waya ukikaa vizuri kabisa kwenye mbavu hauna neno, lakini titi la mama anayenyonyesha linabadilika asubuhi na jioni, na waya haubadiliki. Ukibonyea kwenye nyama, maziwa yanashindwa kupita hapo, panafanya kinundu. Na sponji nayo naitoa. Inakunywa maziwa, inakaa na unyevu siku nzima, na kukauka kwake kwa hali ya hewa ya Tanga ni kwa kudra.

Vinundu hivyo visipuuzwe. Ukigusa titi ukaona sehemu moja ni ngumu na inauma, angalia kwanza sidiria yako inagusa wapi, au kamba ya mkoba, au kanga ya kumbebea mtoto. Endelea kunyonyesha upande ule, weka kitambaa chenye maji baridi kupunguza uvimbe, sugua kwa upole bila kukanda kwa nguvu. Ikija homa, ngozi ikawa nyekundu na ya moto, unajisikia kama una malaria, na hakuna nafuu kufikia kesho yake, nenda hospitali. Usiache kunyonyesha kwa kuogopa kwamba maziwa yameharibika. Mtoto hadhuriki, na titi likiachwa limejaa ndiyo linazidi.

Kuna na hili la kujifunga kanga kifuani. Mama mkwe wangu anatoka Pangani, mwanamke mwenye mkono mwepesi kwa mama wazazi, amenikanda maji ya moto watoto wote watatu na uji wake wa pilipili manga sijaona mwenzake. Lakini tulivutana kwenye kanga. Yeye anataka kifua kifungwe usiku, kikazwe, ili matiti yasianguke. Nikamwambia, "Mama, tumbo nifunge utakavyo, kifua niachie." Alinuna siku moja. Matiti yanabadilishwa na mimba yenyewe na umri, si kunyonyesha wala kulala bila sidiria. Kuyafunga kwa nguvu wakati maziwa yanajaa ni kuyatafutia maumivu. Usiku mimi navaa ile laini ya kupishana, kwa sababu moja tu: kushikilia pedi. Wewe usiyevuja lala bila kitu, upate hewa.

Sasa kuvuja.

Kwanza ijulikane kinachotokea. Mtoto akinyonya, au hata ukimfikiria, mwili unatoa homoni iitwayo oksitosini, nayo inabana vifuko vya maziwa ndani ya titi ili yashuke kwenye mirija. Homoni haijui kushoto na kulia. Inapita kwenye damu, matiti yote mawili yanaisikia kwa pamoja, ndiyo maana mtoto ananyonya la kulia na la kushoto linamwaga. Na mwili unajifunza saa. Mimi adhana ya alasiri ikilia na mwanangu amelala, kifua kinaanza kunichoma vijisindano, kwa kuwa ndiyo muda wake. Kilio cha mtoto wa mwenzako kwenye benchi la kliniki kinatosha pia. Wengi wanatulia wiki ya sita hadi ya kumi hivi, mwili ukishajua mtoto anataka kiasi gani. Wengine tunaendelea kuvuja miezi mingi, ndivyo tulivyoumbwa.

Kutovuja nako si dalili ya kukosa maziwa. Wapo wanaokuja wananinong'oneza, "Fundi, mbona mimi sidondoshi, maziwa yangu yanatosha kweli?" Maziwa hayapimwi kwa nguo iliyolowa. Tazama nepi: mtoto akishapita siku tano za kwanza, akilowesha sita au zaidi kwa siku, na kadi ya kliniki mstari wake unapanda, ana chakula.

Harusi ya binamu yake mume wangu, huyu wa tatu akiwa mchanga bado, nilimwacha nyumbani na mama nikasema naenda nusu saa nirudi. Nimevaa baibui jeusi, nikijua jeusi halionyeshi maji. Na kweli likilowa halionyeshi. Lakini tarumbeta zikapigwa, vigelegele, watoto wanalia kila pembe, nikamwaga nikalowa, kisha feni ya ukumbini ikanikausha. Maziwa yakikauka kwenye nguo nyeusi yanaacha doa jeupe lenye ukingo, gumu kidogo, mithili ya ramani ya kisiwa. Mawili, moja kila upande. Shangazi mmoja aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega. "Mwanangu, njoo nikufunge mtandio vizuri." Akauteremsha mtandio wangu mpaka kiunoni, akauchomeka pini begani, akanirudisha kwenye kiti. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na sasa nyinyi.

Kwa hiyo kuhusu nguo nina msimamo: maua. Dera la maua makubwa, kitenge chenye michoro ya kubanana, mtandio wa pamba begani. Kinachoonyesha vibaya kuliko vyote ni kijivu na rangi ya bluu iliyopauka, hasa kwenye blauzi za hariri bandia. Jeusi ni zuri hadi likauke. Jeupe la pamba nene linakubali kuliko watu wanavyodhani.

Ukihisi yanashuka uko mbele za watu, kunja mikono kifuani na ubonyeze chuchu kwa mikono yako, tulia kidogo, yanakatika. Kwa anayetazama ni mwanamke aliyekunja mikono tu. Usiifanye kila saa wiki za mwanzo, maana maziwa yanahitaji kutoka ili yaendelee kutengenezwa, na kuyazuia mara kwa mara kunakaribisha vile vinundu. Ni ya dharura: sokoni Mgandini, kwenye foleni ya benki, msibani.

Pedi za dukani zile za kutupa zina faida safarini. Nikipanda basi kwenda Dar, saa tano au sita njiani na mtoto mapajani, nazivaa na nashukuru zipo. Nyumbani sizitaki. Nyingi zina nailoni kwa nyuma, na kwa joto letu chuchu inapikika humo ndani, inalainika, inachubuka. Wapo wanaokata pedi ya hedhi nusu kwa nusu na kuibandika kwenye kikombe. Inafanya kazi, sikatai, lakini chagua isiyo na manukato, mtoto anajua harufu ya mama yake.

Za kitambaa ndizo ninazoshona na kuuza shilingi 1,000 moja, lakini usiponunua kwangu shona mwenyewe, hazina siri. Chukua kisahani cha kikombe cha chai, chora duara kwenye kitambaa, upana wa sentimita 12 hivi, ili ukishashona ibaki inayofunika vizuri. Tabaka la kugusa ngozi liwe kanga kuukuu. Kanga mpya ina gundi ya kiwandani, hainyonyi, maji yanateleza juu yake. Iliyofuliwa miaka miwili mitatu imelainika na inakunywa. Katikati weka matabaka mawili ya taulo, kuukuu pia. Nje weka pamba nzito kidogo, kipande cha shuka kinafaa. Ukitaka isionekane kupitia blauzi, kata kipembe kidogo kutoka ukingoni hadi katikati, ukishone kifungwe, duara litajikunja lifuate umbo la titi badala ya kukaa bapa na kuchora mstari. Zungushia ovaloki, au zigizaga ya karibukaribu. Rangi ya nje iwe ya mwili wako. Nyeupe chini ya blauzi nyeupe inaonekana kuliko ya kahawia, jaribu utaona.

Tengeneza nyingi. Pedi ikilowa inabadilishwa, haisubiri ijae. Unyevu uliokaa kwenye ngozi ndio fangasi wanaoupenda, nao wakishaingia, chuchu zinawaka na mtoto anaota utando mweupe mdomoni usiofutika. Hapo mnatibiwa wote wawili, mama na mtoto, la sivyo mnarudishiana. Zifue kwa sabuni ya kipande, suuza mpaka povu liishe, anika juani. Dawa ya kulainishia nguo usitie, inafanya kitambaa kisinyonye. Na wanaopaka mafuta ya nazi kwenye chuchu, ambao ni nusu ya Tanga, wafue kwa maji ya moto kidogo, kwani mafuta yakikaa kwenye taulo nayo yanazuia maji. Mimi natumia tone la maziwa yangu mwenyewe, naacha likauke.

Maziwa yanayodondoka upande wa pili huku mtoto ananyonya, wengine wanayakinga kwenye kikombe kisafi. Sawa kabisa, ingawa hayo ya kudondoka ni mepesi, mafuta yake machache kuliko yale ya kukamua. Kanuni ya kuyatunza ni saa nne nje kama joto halizidi nyuzi 25, na siku nne kwenye friji. Sasa niambie ni lini Tanga mchana wa Februari uliona nyuzi 25. Usiyaache nje. Kama huna friji, kinga, mpe, maliza.

Kwa wanaofanya kazi ofisini nina neno, maana wanakuja kwangu Jumamosi wamechoka. Mmoja, karani wa ofisi fulani, aliniletea blauzi zake zote nizitie kitambaa cha pili ndani kifuani. Nikamuuliza kwani unakaa saa ngapi bila kukamua? Tangu asubuhi mpaka jioni. Ameomba kutoka, mkuu wake akamwambia asubiri chakula cha mchana, na mchana ni nusu saa. Blauzi nilimtilia, lakini shida yake haikuwa blauzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Kazi ya mchana kutwa bila kutoa maziwa inajaza, inavujisha, inaumiza, na mwisho inayapunguza. Nilimwandikia kwenye karatasi ya kukatia nguo jina la sheria na mwaka wake aende nayo. Alirudi baada ya muda kuchukua sketi, akaniambia anapewa muda wa saa moja asubuhi na mwingine kama huo mchana, anaishi karibu, anakimbia kwa bodaboda.

Swali la mwisho ambalo naulizwa na kila mtu ni sidiria ngapi zinatosha. Tatu: moja mwilini, moja kwenye beseni, moja kambani. Usifue kwa jiki, inakula mpira. Usikamue kwa kuzungusha, bonyeza tu ndani ya taulo. Anika kwa kuikunja katikati juu ya kamba, usiitundike kwa kamba za mabega, zitarefuka. Masika yakianza, Machi hadi Mei, nguo zinaweza kukaa siku mbili ndani hazijakauka, basi ongeza ya nne na pedi nyingine dazeni. Na ukija kupimwa, mnyonyeshe mtoto kwanza, tusubiri nusu saa, ndipo nitoe futi. Vishikizo vyeupe vimeniisha, vyeusi na vya kahawia vipo.